Fujo Nayo Ina Kipimo: Kuisoma Upya Rosa Mistika Nikiwa Lupiro

Nilimnyima mwanafunzi alama sita kati ya kumi kwa sababu ya neno "kwanza".

Nafundisha Kiswahili sekondari, hapa Lupiro, pale barabara ya kutoka Ifakara inapogawanyika, moja ikienda Mahenge na nyingine Malinyi. Alhamisi jioni tuna klabu ndogo ya kusoma vitabu, watoto kumi na kitu, nje ya ratiba, bila mtihani. Mimi nikaweka mtihani, si unawajua walimu. Tulikuwa tumemaliza Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, nikauliza swali lile lile nililoulizwa mimi nikiwa mwanafunzi: taja na ueleze sababu za kuharibika kwa Rosa. Majibu nilikuwa nayo kichwani kabla hawajashika kalamu: malezi ya ukali, ulevi wa baba, umaskini, tamaa, marafiki. Hoja tano, alama mbili mbili.

Msichana mmoja wa kidato cha tatu hakuzitaja hivyo. Aliandika kwamba barua ya Charles ilikuja kwanza, kipigo cha Zakaria kikafuata, ndipo ikaja shule ya bweni. Na kwamba mambo hayo hayo matatu yangepangwa vingine tungesoma habari za Rosa mwingine kabisa. Ukurasa mmoja na nusu, wote ni nini kilitangulia nini. Nikaandika pembeni kwa wino mwekundu: "Hujajibu swali. Orodhesha sababu." Nne kati ya kumi. Alhamisi nikasoma alama zote kwa sauti, kama kawaida yangu.

Nyumba ya walimu nakaa na mwenzangu wa hisabati. Jioni moja ya mvua umeme ulikuwa umekatika, tuko meza moja na taa moja ya sola, yeye anasahihisha matriksi za kidato cha nne, mimi namalizia madaftari yangu. Akawahi kumaliza, akavuta daftari la yule binti, akasoma.

"Mwalimu, huyu umemwonea."

"Kaandika insha badala ya hoja."

"Kakwambia A mara B siyo B mara A. Mimi nusu ya darasa langu hawajanielewa hapo mpaka leo. Huyu kaelewa bila kufundishwa, halafu unampa nne?"

Nilicheka. Baadaye sikucheka. Makala hii imetokana na mazungumzo yetu ya wiki kadhaa baada ya hapo, na nia yake ni ya kihakiki: nadhani namna tunavyoisoma riwaya ya Kiswahili, kuanzia darasani mpaka humu mtandaoni, ni ya kujumlisha, wakati riwaya zenyewe, zile nzuri, zinazidisha.

Kwa aliyesahau: matriksi ni jedwali la namba, na kazi yake ni kuchukua hali fulani na kuigeuza kuwa hali nyingine. Namba za kawaida hazijali foleni; 3 mara 5 na 5 mara 3 ni kitu kimoja. Majedwali hayana ustaarabu huo. Mfano niliopewa ulikuwa wa hapa hapa bondeni, nami naurudisha kama ulivyo. Chukua kaya yenye magunia 8 ya mpunga na haina hela hata senti. Tukio moja liite kuuza: nusu ya mpunga uliopo inageuka hela. Tukio la pili liite maji: mafuriko yanaingia ghalani, robo tatu ya mpunga uliopo inaharibika, hela haiguswi. Uza kwanza: magunia 4 yanakuwa hela, 4 yanabaki, maji yanakuja yanaacha gunia 1. Una thamani ya magunia 5. Sasa maji yatangulie: 8 yanakuwa 2, unauza 1, linabaki 1. Una thamani ya magunia 2. Bei ni ile ile, maji ni yale yale, mkulima ni yule yule. Kilichobadilika ni foleni tu.

Nilimweleza shangazi yangu, ambaye mpunga ndiyo maisha yake. Akanitazama kama mtu aliyeachwa na basi. "Sasa mwanangu, hiyo nayo mpaka usomee?"

Kweli, hapa haihitaji kusomea. Bonde la Kilombero, ambalo tangu 2002 limo kwenye orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa, linaishi kwa foleni ya maji: yatakuja kabla ya mbegu kushika au baada, yatapanda kabla hujavuna au baada. Mtu wa hapa akikusimulia msiba wa shamba hakupi orodha ya sababu. Anakuambia tulikuwa tumeshapanda, ndipo. Hilo "ndipo" ndilo lilikuwa kwenye daftari la yule binti, na mimi nililifuta kwa wino mwekundu.

Ngoja niingie kidogo kwenye hesabu yenyewe, maana bila hiyo nitakuwa nimeazima neno tu na kulivaa. Chukua majedwali mengi, na kila hatua bahati ichague lipi litumike, kama miaka inavyochaguliwa na mvua. Zidisha moja juu ya jingine, mara mia, mara elfu. Je, kuna kitu cha uhakika unachoweza kusema juu ya zao litakalotoka? (Kiswahili kimetubariki hapa: jibu la kuzidisha tunaliita zao, na mpunga nao ni zao.) Mwaka 1960 Harry Furstenberg na Harry Kesten walichapisha makala ambayo kichwa chake hakina mapambo yoyote, kinasema tu mazao ya matriksi nasibu. Walithibitisha kwamba, kwa masharti mepesi, ukipima ukubwa wa zao hilo, ukachukua logi yake, ukaigawa kwa idadi ya hatua, jibu linatulia kwenye namba moja. Haijalishi bahati ilikuangushia mfuatano upi. Karibu kila mfuatano unakupeleka kwenye namba ile ile. Namba hiyo huitwa kipeo cha Lyapunov, kwa jina la Mrusi ambaye tasnifu yake ya 1892 ilikuwa juu ya utulivu wa mwendo wa vitu.

Maana yake kwa mtu wa fasihi ni hii. Chukua vitu viwili vilivyoanza karibu karibu, vimetofautiana unywele. Vipitishe kwenye matukio yale yale kwa foleni ile ile. Kipeo kikiwa chini ya sifuri, tofauti inafifia, mwisho wa safari huwezi kujua nani alianzia wapi. Kikiwa juu ya sifuri, ule unywele unazidishwa kila hatua, na baada ya muda hao wawili hawana hata habari za kuambiana. Fujo, kwa hiyo, haimaanishi kelele wala vitu kutawanyika. Ni kasi. Inapimwa kwa kuuliza: tofauti ndogo inakua haraka kiasi gani?

Mwaka 1963 Furstenberg alikwenda mbali zaidi, akaonyesha kwamba kwa aina kubwa ya majedwali yasiyobadilishana nafasi, kipeo hicho kiko juu ya sifuri, isipokuwa katika hali chache maalumu. Yaani bahati isiyo na nia yoyote, isiyopendelea kukuza wala kupunguza, bado inakuza. Ukitaka kuiona mwenyewe chukua sarafu na karatasi. Andika 1 na 1. Rusha sarafu: upande wa kichwa, jumlisha namba mbili za mwisho; upande wa pili, toa. Endelea. Namba zitapanda na kushuka, zitapita sifuri, utadhani hazina mwelekeo. Lakini mwaka 2000 Divakar Viswanath alichapisha uthibitisho kwamba ukubwa wake, ukiupa muda, unakua kwa takriban 1.13198824 kila hatua. Mimi nilirusha mara arobaini, nikaona vurugu tupu. Mwenzangu akasema arobaini ni utoto.

Kuna jambo jingine, nalo ndilo lililonigusa kuliko yote, kwa sababu linahusu maisha ya watu na si karatasi tu. Wastani. Tuseme mwaka mzuri unazidisha mali ya kaya kwa 1.5, mwaka mbaya unaizidisha kwa 0.6, na uwezekano ni nusu kwa nusu. Wastani wa hizo mbili ni 1.05. Mtu wa takwimu atakuja na habari njema: kaya za hapa zinakua kwa asilimia 5 kwa mwaka. Sasa fuata kaya moja. Mwaka mzuri na mwaka mbaya vikizidishwa ni 0.9. Miaka ishirini, kumi mizuri na kumi mibaya, kaya iliyoanza na magunia 100 ina kama 35. Lakini ukichukua wastani wa kaya nyingi sana unapata takriban 265, kwa sababu kaya chache zilizopata miaka mizuri mingi zinavuta hesabu yote juu. Namba zote mbili ni za kweli. Ile ya 265 haikai kwenye nyumba ya kawaida ya mtu yeyote.

Wanabiolojia walilijua hili mapema. Tangu 1945, P. H. Leslie alipoandika juu ya kutumia matriksi kuhesabu jinsi idadi ya viumbe wa rika mbalimbali inavyobadilika, walikuwa na majedwali. Na mwaka 1969 Richard Lewontin na Joel Cohen walionyesha kwamba katika mazingira yanayoyumba, idadi inayotarajiwa ya viumbe inaweza kupaa bila kikomo huku uwezekano wa kizazi hicho kutoweka ukikaribia uhakika. Soma tena sentensi hiyo taratibu. Ni kejeli ambayo mwandishi wa riwaya angejivunia.

Na hapa Lupiro hatuko mbali na habari hizo. Kijiji chetu kinajulikana duniani kuliko tunavyodhani, ila kwa mbu. Watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara wamefanya kazi hapa miaka mingi, na mtu asiyejua Mahenge iko wapi anaweza kuwa amesoma jina Lupiro kwenye makala ya malaria. Maisha ya mbu ni jedwali la Leslie lililo wazi: mayai mangapi yanakuwa viluwiluwi, viluwiluwi wangapi wanaota mabawa, wenye mabawa wangapi wanarudi kutaga. Namba za jedwali hilo zinabadilika na mvua. Mvua ya kiasi inaacha vidimbwi, wanazaliana. Mvua ya kupita kiasi inaweza kuwasomba viluwiluwi. Jua likishika mapema dimbwi linakauka kabla hawajaruka. Mvua ile ile, ikianguka kwa foleni nyingine, inaleta mbu wengine. Huwezi kuchukua jedwali la wastani wa mwaka ukalizidisha lenyewe kwa lenyewe ukadhani umeelewa mwezi wa nne Lupiro.

Mwaka 1995 kundi la watafiti lilichapisha kwenye jarida la wadudu makala kuhusu Namawala, magharibi ya Ifakara, na kichwa chake kwa Kiswahili kingekuwa: kupanda na kuanguka kwa Anopheles arabiensis katika kijiji cha Tanzania. Nilipokutana na kichwa hicho niliduwaa. Kupanda na kuanguka! Hiyo ni lugha ya falme, ya Roma, ya tanzia. Mtu wa sayansi, katikati ya majedwali yake, alihisi kwamba alichokiona kijijini kina umbo la hadithi, na hadithi ina foleni. Sisi wa fasihi tunaofanya kazi na hadithi kila siku tunaigeuza kuwa orodha.

Nirudi basi kwa Kezilahabi, ambaye ndiye niliyemkosea pamoja na yule binti.

Rosa Mistika ilitoka 1971, ikazuiwa mashuleni kwa muda, ikarudi, na tangu iliporudi tumeifundisha kama kesi ya malezi. Zakaria mkali, binti akabanwa, akafunguliwa, akapotea. Ni usomaji wenye ukweli ndani yake na ndiyo maana umedumu. Lakini uangalie unavyofanya kazi. Unachukua sababu, unaziweka kwenye kapu, unapima uzito wa kapu. Ukitikisa kapu, sababu zikachanganyika, uzito haubadiliki. Malezi plasi ulevi plasi umaskini ni sawa na umaskini plasi malezi plasi ulevi. Hakuna muda ndani ya kapu.

Riwaya yenyewe haiko hivyo. Barua ya mvulana inafika kwa msichana ambaye bado hajui afanye nayo nini. Baba anaikamata. Kipigo kinaangukia kitu ambacho hakijatokea: Rosa anaadhibiwa kwa kosa ambalo bado hajapata nafasi ya kulifikiria. Kwa hiyo anapokwenda shuleni, mbali na macho ya nyumbani, anaingia na hofu iliyoumbwa tayari, na uhuru unafanya kazi juu ya hofu hiyo, si juu ya mtoto mtupu. Geuza. Aanze shule, azoee kuongea na wavulana kama watu wa kawaida, ndipo barua ije, ndipo baba aikamate akiwa amerudi likizo. Zakaria ni yule yule, fimbo ni ile ile. Lakini sasa kipigo kinamkuta mtu mwenye la kujibu, hata kama ni kwa kimya. Sisemi angeokoka. Nasema zao ni tofauti, na mwandishi aliichagua foleni hii na si ile.

Halafu kuna wadogo zake: Flora, Honorata, Stella, Sperantia. Nyumba moja, baba mmoja, pombe ile ile. Wahakiki wa kapu wanapata shida na hawa mabinti, ndiyo maana mara nyingi wanawaruka. Kama malezi yale yanazaa mwisho ule, mbona hakuna aliyefuata njia ya Rosa mpaka kwenye kifo chake cha kujiua? Kwa msomaji anayezidisha hapo hapana fumbo. Mabinti wale ndio jaribio lenyewe: watoto walioanza karibu karibu, wakapita kwenye matukio yanayofanana lakini kwa zamu tofauti, na uone wanavyoachana. Sijui riwaya nyingine ya Kiswahili ya miaka ile inayotupa jaribio hilo waziwazi namna hii, na sisi tumeligeuza kuwa "wahusika wadogo".

Na Charles. Kijana ambaye barua yake ndiyo hatua ya kwanza ndiye anayerudi mwishoni kama mchumba, akauliza habari za ubikira. Darasani tunasema ni sadfa, au tunasema ni kejeli, tunasonga mbele. Lakini angalia: tofauti ndogo ya mwanzo, karatasi moja, imepita kwenye majedwali yote ya katikati, imezidishwa mpaka Morogoro na kurudi, na inarudi ikiwa imevaa sura ya mtu yule yule aliyeituma, ambaye sasa haitambui kuwa ni yake.

Wahakiki wetu wana neno wanalolipenda, nalo ni vurugu. Wanalipeleka zaidi kwa Kezilahabi wa baadaye, wa Nagona (1990) na Mzingile (1991), kwa sababu pale hakuna mtiririko wa kawaida, wanafalsafa wa Ulaya wanajitokeza, ndoto na safari vinapishana. Nami nimewahi kuandika hivyo, sikatai. Lakini ukikubali kwamba fujo ni kasi ya kuachana, jaribu hivi: chukua Nagona, badilisha nafasi za makutano mawili ya safarini. Kitabu kitatikisika kidogo, kisha kitatulia. Kinazunguka kwenye duara lake, kinakwenda kwenye Ngoma Kuu yake, na tofauti uliyoingiza inafifia njiani. Sura yake ni ya fujo, lakini ndani ni kitabu tulivu, karibu cha ibada. Rosa Mistika, yenye lugha nyepesi ambayo mtoto wa kidato cha pili anaisoma bila kamusi, haivumilii kubadilishiwa hata ukurasa. Kwa kipimo hiki ndiyo yenye fujo zaidi. Inachekesha kwamba mwandishi mwenyewe aliita riwaya yake nyingine, ya 1975, Dunia Uwanja wa Fujo, nasi tukalichukua jina hilo kama msemo wa kukatia tamaa, badala ya kuuliza fujo ya namna gani na ya kasi gani.

Nina lawama moja kwake. Mwishoni anampeleka baba na binti kwenye kesi mbele ya Mungu. Naelewa kwa nini. Kijana wa Ukerewe aliyelelewa na misheni angeuliza nani mwenye hatia, na wasomaji wake pia. Lakini mahakama, hata ya mbinguni, inahitaji kapu. Inahitaji mshtakiwa na sababu zake. Baada ya kurasa zote zile za "ndipo", tunarudishwa kwenye "kwa nini", na ninapoisoma sasa naona pale ndipo swali langu la alama mbili mbili lilikozaliwa. Tulisoma kesi, tukasahau safari.

Mwenzangu wa hisabati nilimsomea rasimu ya makala hii, hakuipenda kama nilivyotarajia.

"Mwalimu, n yako ni ngapi?"

Sikuelewa.

"Furstenberg na Kesten wanasema ukiendelea bila kikomo. Ndipo namba inatulia. Huyo Rosa ana matukio mangapi? Kumi? Kumi na tano? Halafu bahati iko wapi? Kezilahabi harushi sarafu. Kachagua."

Yuko sawa, na sitaki kujifanya nina jibu la kumzima. Kipeo cha Lyapunov ni namba ya mwendo mrefu, na hakuna binadamu mwenye mwendo mrefu kiasi hicho. Hata kaya yenye miaka ishirini ya mpunga ni arobaini zangu za sarafu, utoto. Mwandishi naye anachagua, na anachagua akijua mwisho. Kwa hiyo siwezi kusema Rosa Mistika ina kipeo fulani, na mhakiki atakayekuja na namba hiyo nitamkimbia. Kinachobaki mkononi mwangu ni vitu viwili visivyohitaji safari isiyo na kikomo: kwamba ukibadilisha foleni zao linabadilika hata kwa hatua mbili, kama magunia 5 na magunia 2, na kwamba njia ya kuijua fujo ni kufuata wawili walioanza pamoja, siyo kumwangalia mmoja na kumhurumia.

Juu ya kuchagua nilimjibu kwamba ndiyo hasa kazi ya mhakiki. Mvua haina nia, kwa hiyo tunaipima. Mwandishi ana nia, kwa hiyo tunamuuliza: kwa nini barua kwanza? Akasema hapo sawa, lakini niache kumtaja Furstenberg kana kwamba alikuwa anafikiria Ukerewe. Furstenberg alipata Tuzo ya Abel mwaka 2020, mwaka mmoja baada ya Kesten kufariki. Na Januari ya 2020 hiyo hiyo ndipo alipofariki Kezilahabi. Nilitaka kufanya jambo na tarehe hizo. Mwenzangu akaniambia hiyo ndiyo sadfa ya kweli, niiache ilivyo.

Alhamisi iliyofuata nilifuta swali la zamani. Nikaandika ubaoni: chagueni matukio mawili ya Rosa Mistika, yabadilisheni nafasi, mweleze nini kinabaki na nini kinaanguka. Sijawahi kuona klabu ikigombana vile. Mvulana mmoja alisema kama Zakaria angekufa mapema, Rosa angekuwa mkali kwa wadogo zake kuliko baba yao; mwingine akasema hapana, angewaachia kabisa, maana mtu aliyefungwa kamba anachukia kamba; wakatafuta kurasa, wakasomeana, giza likaingia, mlinzi akaja kutufukuza kwa sababu ya funguo. Katika miaka yangu yote ya "taja na ueleze" hakuna mtoto aliyewahi kurudi kwenye ukurasa kwa hiari yake ili amshinde mwenzake.

Yule binti hakuwepo. Alama nimeibadilisha, nimeandika tisa na kufuta yale maneno ya pembeni, ingawa wino mwekundu ukiufuta unaacha alama ya waridi. Daftari nilimpelekea darasani. Akasema asante mwalimu, akalifunika bila kulifungua, akaliweka chini ya madaftari mengine. Hii ni Alhamisi ya tatu hajaja. Wiki ijayo tunaanza Nagona.